Mtoto mchanga ana baka jekundu hadi ukope wa juu: jicho lipimwe lini, na nianze na nini?

tabibu_uvinza

Wadau, habari za kazi. Nipo kituo cha afya wilaya ya Uvinza, Kigoma. Mtoto wa kiume, siku 9, kilo 3.4, kazaliwa kwa njia ya kawaida akiwa ametimiza miezi yake. Ana baka la zambarau iliyoiva upande wa kulia wa uso. Limeshika paji, ukope wa juu wote na sehemu ya ukope wa chini, na halivuki mstari wa katikati. Nikilibonyeza kwa slaidi ya kioo linapauka kidogo kisha linarudi. Degedege hajapata. Jicho la kulia linatoa machozi, tongotongo hakuna, na akisogezwa dirishani anakunja uso na kulifumba. La kushoto halina neno.

Nashuku sindromu ya Sturge-Weber, ile hali ya kuzaliwa nayo ambapo mishipa ya damu isiyo ya kawaida hushika ngozi ya uso, jicho na ubongo. Vifaa nilivyo navyo: tochi, rula, ofthalmoskopu (kifaa cha kutazama ndani ya jicho) na mafuta ya tetracycline. Tonomita (kipima presha ya jicho) hatuna. Duka la dawa la hapa lina timolol 0.5%, matone ya kushusha presha ya jicho. Naomba kujua mambo matatu: nipime nini mwenyewe kabla ya rufaa, timolol nimuanzishie, na kuna ubaya gani akisubiri hadi wiki ya 6 mama akija kwa chanjo? Nauli ni tatizo kwao, kwa hiyo nikiwaambia wasafiri nataka niwe na sababu ya kuwaeleza.

mdau_kasulu

Mkuu, machozi bila tongotongo kwa mtoto wa siku 9 mara nyingi ni mrija wa machozi haujafunguka. Mama amkande pembeni ya pua mara 4 kwa siku, wengi wanapona wenyewe kabla ya mwaka. Baka ni baka tu.

bingwa_macho_kgm

Mdau wa Kasulu, kwa mtoto asiye na baka ningekuunga mkono. Kwa huyu hapana. Mrija ulioziba hutoa machozi yanayojaa na kumwagika, lakini mtoto haogopi mwanga, konea (kioo cha mbele ya jicho) inang'aa na weupe wa jicho ni mweupe. Anayekunja uso akiona mwanga, mara nyingi tatizo lake liko kwenye konea yenyewe. Zaidi ya hapo, mtoto anaweza kuwa na vyote viwili, na kukanda mrija kutawatuliza wazazi huku jicho likiharibika.

Tabibu, asisubiri wiki ya 6. Kanuni ninayoishika ni kwamba baka likigusa ukope wa juu, jicho la upande huo lihesabiwe kuwa na presha kubwa ndani yake mpaka vipimo vikatae. Kope zote mbili zikishikwa, kama huyu, hofu inaongezeka. Kati ya wenye sindromu hii wanaopata glakoma (ugonjwa wa presha ya jicho), takribani 6 kati ya 10 inawaanza tangu kuzaliwa au katika uchanga. Waliobaki inawajia baadaye, utotoni au hata ukubwani.

Kinachotokea ni hiki. Jicho linatengeneza maji ndani yake muda wote, na maji hayo hutokea kwenye pembe iliyo kati ya konea na irisi (duara lenye rangi). Kwa hawa wachanga pembe hiyo haikuumbika sawasawa, maji yanabaki ndani, presha inapanda. Ganda la jicho la mtoto bado ni laini, kwa hiyo linatanuka. Konea inapovutwa, utando wake wa ndani unapasuka kwa mistari, maji yanaingia kwenye nyama ya konea na kuiwekea ukungu. Hapo ndipo mtoto anaanza kuogopa mwanga na kutoa machozi. Kwa hiyo machozi unayoyaona leo si dalili ya mwanzo, jicho limeshavutwa.

Wiki tano katika umri huu ni nyingi. Neva ya jicho inaharibika, na ubongo nao unajifunza kulipuuza jicho lisiloona vizuri. Upasuaji unaweza kushusha presha, ila mistari ya konea hubaki na uvivu wa jicho unataka miaka ya kuufanyia kazi.

Pima vitu vitatu: upana wa konea, uwazi wake, na mwanga mwekundu unaorudi kutoka nyuma ya jicho ukimulika kwa ofthalmoskopu. Presha kwa vidole usijisumbue nayo. Mtoto akilia, jicho lolote linakuwa gumu.

muuguzi_macho_tabora

Naongeza kwenye upimaji, maana rula inadanganya kirahisi.

Mfunge mtoto kwenye khanga, mikono ndani, na mama amnyonyeshe. Akishiba na kusinzia una dakika chache nzuri. Zima taa kali. Ukope wa juu uvute kwa kidole juu ya mfupa wa nyusi, wa chini kwenye mfupa wa shavu. Kidole kisiguse mboni hata kidogo. Tumia rula ya plastiki inayopitisha mwanga yenye milimita zinazosomeka, ishike mlalo karibu kabisa na jicho bila kuligusa, fumba jicho lako moja, kisha soma kutoka mpaka wa weupe upande wa pua hadi mpaka wa weupe upande wa sikio. Ukitazama kwa macho mawili au kutoka pembeni, milimita nzima inaweza kupotea.

Njia ninayoiamini zaidi ni picha ya simu. Rula ikae kwenye ngozi ya shavu usawa uleule wa konea, macho yote mawili yaonekane, simu ielekee mbele moja kwa moja na isiinamishwe, mwanga wa simu umezimwa. Kisha pima kwenye picha kwa kulinganisha na milimita za rula. Picha hiyo iambatane na rufaa, bingwa ataipima upya mwenyewe.

Mtoto mchanga wa kawaida konea yake ni milimita 9.5 hadi 10.5. Ikizidi 11 shuku. Ikifika 12 kabla ya mwaka mmoja, usibishane na mtu. Hata namba zikiwa ndani ya kawaida, tofauti ya milimita moja kati ya kulia na kushoto haifai kupuuzwa. Na wazazi huwa wanalisifia jicho kubwa kwamba ni zuri, kwa hiyo usingoje walalamike wao.

mfamasia_nzega

Kuhusu timolol 0.5%: usimuanzishie hapo kituoni. Tone moja ni kama mililita 0.05, yaani miligramu 0.25 za dawa. Kwa mtu mzima wa kilo 60 si kitu. Kwa mtoto wa kilo 3.4 ni dozi kubwa karibu mara 18 kwa kila kilo, na dawa haiishii jichoni. Inateremka kwa mrija wa machozi hadi puani, inaingia kwenye damu bila kupita ini kwanza. Matokeo yake ni mapigo ya moyo kushuka, kifua kubana, na mbaya kuliko yote mtoto kusahau kupumua akiwa usingizini. Kwa wachanga bingwa akiitaka huanza na 0.25%, tone moja, asubuhi ili mtoto aangaliwe mchana kutwa. Aliyezaliwa njiti, mwenye kifua kinachokoroma au tatizo la moyo, asipewe. Kuizimua 0.5% kwa maji nyumbani ni kuingiza wadudu kwenye jicho, msijaribu.

Brimonidine, tone lingine la presha ya jicho, ndiyo ya kuiogopa zaidi. Chini ya miaka 2 haitumiki kabisa, inamlaza mtoto na kumkata pumzi. Chupa zake zinafanana na za dawa nyingine za presha ya macho, kwa hiyo soma jina, usitazame rangi ya kifuniko.

Kuna jambo ambalo hukuuliza. Matone yenye dexamethasone pamoja na antibiotiki yanauzwa kila duka la dawa kwa "macho mekundu". Ndani yake kuna steroidi, na steroidi inapandisha presha. Wekundu unapungua, wazazi wanafurahi, jicho linazidi kufa. Mwambie mama asinunue tone lolote njiani, na maziwa ya mama yasiwekwe jichoni. Tetracycline nayo haina kazi hapa kama hakuna usaha.

tabibu_uvinza

Asanteni sana. Nimempima kama dada wa Tabora alivyoelekeza, kwa rula na kwa picha. Kulia 11.5, kushoto 10. Konea ya kulia ina ukungu mwembamba, kama kioo kilichopuliziwa pumzi, lakini irisi inaonekana. Kilichonishangaza ni mwanga mwekundu: nilitegemea kulia uwe hafifu, kumbe ni mwekundu kuliko kushoto. Nimekosea?

bingwa_macho_kgm

Hujakosea. Hiyo inaashiria kuna uvimbe wa mishipa ya damu umetandaa kwenye koroidi, tabaka la nyuma ya retina, kiasi kwamba sehemu ya nyuma ya jicho yote inaonekana nyekundu iliyokolea. Wengi hulitazama jicho lenye wekundu mzuri wakadhani ndilo zima, wakaandikia rufaa lile lingine. Iandike hiyo kwenye barua kwa maneno yaleyale uliyoyatumia hapa, kwa sababu inabadilisha mpango wa upasuaji.

Kwa tofauti ya 1.5, ukungu na kuogopa mwanga, huyu ana glakoma mpaka mtu mwenye tonomita aseme vinginevyo. Aondoke wiki hii.

Kabla ya hapo mvue nguo zote umtazame ngozi. Baka la bluu matakoni na mgongoni watoto wetu wengi wanalo na halina maana yoyote. Lakini likiwa kubwa sana, limepanda mabegani, na weupe wa jicho nao una madoa ya kijivu au bluu, hiyo ni hali nyingine ya kundi hilihili, ambapo alama za mishipa na alama za rangi zinakutana kwa mtoto mmoja. Hao hatari yao ya glakoma iko juu zaidi, na jicho lenye madoa linahitaji kufuatiliwa maisha yote. Cheki pia kama ukope wa juu ni mnene na laini kama kifuko cha minyoo huku mtoto ana madoa ya kahawia mwilini. Hapo fikiria neurofibromatosi, ugonjwa wa vivimbe vya neva.

Anzia kitengo cha macho Maweni, mjini Kigoma. Piga simu kwanza. Akifika apimwe presha bila nusu kaputi ikiwezekana, wakati ananyonya. Namba inayozidi 21 ikiungana na vipimo vyako inatosha kumpeleka mbele, na namba ya kawaida pia haimrudishi nyumbani maana konea imeshatanuka. Kwa upasuaji, hospitali za kuulizia ni CCBRT au Muhimbili kule Dar es Salaam, na KCMC Moshi. Swali la kuuliza kwenye simu lisiwe "mnapasua macho ya watoto?" Uliza kama bingwa wa macho ya watoto na mtaalamu wa usingizi anayelaza watoto wa chini ya mwezi mmoja wote wapo wiki hiyo. Akikosekana mmoja, familia itakaa mjini inakula nauli ya kurudia.

mfamasia_nzega

Bingwa, kwa safari yenyewe unashauri acetazolamide, ile dawa ya kumeza ya kushusha presha ya jicho?

bingwa_macho_kgm

Naitumia kama daraja tu, na aanzishiwe Maweni baada ya kupimwa, si kituoni. Dozi ni miligramu 5 hadi 10 kwa kilo, kila saa 8. Tuendelee na hesabu yako.

mfamasia_nzega

Kwa kilo 3.4 tukianza na 5 kwa kilo ni miligramu 17. Kidonge cha 250 kinasagwa laini, kinatiwa kwenye maji safi ya mililita 25, kila mililita inabeba miligramu 10. Anavuta 1.7 kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Dawa hii haiyeyuki vizuri, inazama chini. Asipotikisa kila mara kabla ya kuvuta, dozi za mwanzo zitakuwa maji na za mwisho zitakuwa sumu. Itengenezwe upya kila siku, iliyobaki imwagwe. Vile vidonge vya kutoa dawa polepole visisagwe.

Mama aambiwe dalili za kusimamisha: mtoto anapumua haraka, hanyonyi, amelegea, au nepi hailowi. Dawa inafanya damu iwe na asidi na inamkojoza. Uliza pia kuhusu selimundu kwenye ukoo na uiandike kwenye rufaa, kwa sababu asidi na upungufu wa maji ndivyo vinavyochochea seli kujikunja mtoto akikua.

daktari_watoto_tbr

Macho mmeyasema vizuri, ubongo umesahaulika. Wengi wa watoto hawa wenye mishipa isiyo ya kawaida juu ya ubongo hupata degedege, mara nyingi kabla ya mwaka mmoja, na huanzia upande mmoja wa mwili, ule ulio kinyume na baka. Huyu baka liko kulia, basi mtazamie mkono na mguu wa kushoto. Homa ndiyo kichocheo kikubwa. Kwa ukanda wetu kila degedege huitwa malaria. Fanya kipimo cha haraka na utibu kikitoka chanya, lakini degedege la upande mmoja kwa mtoto mwenye baka usiliandike malaria peke yake.

Akipata degedege akiwa bado mchanga, phenobarbital miligramu 20 kwa kilo ndiyo ya kuanzia, huku ukiangalia pumzi na sukari. Akipita mwezi wa kwanza, diazepam kwa njia ya haja kubwa, miligramu 0.5 kwa kilo. Baadaye akiwekwa kwenye dawa za kila siku, mwenye kuandika topiramate (dawa ya degedege) ajue mambo mawili: yenyewe inaweza kufunga pembe ya jicho ghafla, na ikichanganywa na acetazolamide asidi inazidi na mawe ya figo yanakuja. Daktari wa ubongo na wa macho wasipoongea, mtoto anaishia kumeza zote mbili.

MRI, picha ya ubongo, isiharakishwe kiasi cha kumlaza mtoto nusu kaputi mara ya pili. Ya mapema inaweza kuonekana safi na isimaanishe kitu. Wakipanga, waiunganishe na usingizi wa upasuaji kama hospitali ni moja.

tabibu_uvinza

Nimeelewa. Baba anauliza kama upasuaji ni mara moja na basi. Na kwa nini wengine wanasema ni wa hatari kuliko glakoma nyingine za watoto?

bingwa_macho_kgm

Mwambie ukweli: huenda zaidi ya mara moja.

Kwa mchanga tunaanza kwa kufungua ile pembe. Konea ikiwa wazi, kwa kisu chembamba kupitia ndani, yaani goniotomi. Ikiwa na ukungu hatuoni ndani, tunapitia nje kwa trabekulotomi. Faida ya zote mbili ni kwamba presha haishuki kwa kishindo. Lakini kwa Sturge-Weber matokeo ni dhaifu kuliko kwa glakoma ya kuzaliwa ya kawaida, na sababu ni ya kifizikia. Maji yakishatoka kwenye pembe yanaingia kwenye vena za nje ya jicho, ambazo kwa kawaida zina presha ya kama mmHg 8 hadi 10. Kwa hawa vena hizo zimejaa kupita kiasi. Kama upande wa nje kuna 18, ukifungua pembe yote jicho halitashuka chini ya 18. Ndiyo maana baadaye baadhi wanahitaji njia mpya kabisa ya maji, trabekulektomi au mrija wa kupandikizwa.

Hapo hatari inaingia. Ukilitoboa jicho lenye presha ya 35 ikashuka ghafla hadi sifuri, ile mishipa ya koroidi iliyokuwa imebanwa inafumuka, inavuja maji au damu nyuma ya retina, na jicho linaweza kupotea mezani. Kwa hiyo presha inashushwa kwa dawa kwanza, nyuzi za kufungia zinawekwa kabla ya kufungua, chumba cha mbele kinajazwa jeli, na maji yanatolewa polepole. Barua yako ikisema "mwanga mwekundu uliokolea kulia", daktari mpasuaji anajiandaa kwa hilo tangu mlangoni.

Kwenye usingizi wenyewe, presha ipimwe mara tu mtoto anapolala, kabla ya mpira wa kupumulia. Gesi za usingizi zinashusha namba, ketamini inaweza kuipandisha. Andikeni ni dawa gani ilitumika, vinginevyo namba ya safari hii hailinganishiki na ya safari ijayo.

Baada ya hapo ni kliniki kila miezi 3 hadi afike miaka 2, kisha kila miezi 6, na akiwa mkubwa kila mwaka maisha yote. Akivuka kama miaka 3 ganda linakuwa gumu, konea haitanuki tena, presha ikirudi itakuja kimya bila machozi wala kuogopa mwanga. Jicho lililotanuka pia huwa halioni mbali, kwa hiyo miwani mapema, na jicho lile lisilo na ugonjwa lifunikwe kwa saa atakazopangiwa ili lile vivu lifanye kazi. Wazazi wengi huishika ratiba ya dawa na kuiacha ya kufunika.

muuguzi_macho_tabora

Chanjo zisisimame kwa sababu ya rufaa. Wakiwa Dar es Salaam au Moshi wiki ya 6 ikifika, achanjwe hukohuko, kadi ya kliniki wasafiri nayo. Siku ya upasuaji maziwa ya mama yanasimama saa 4 kabla, si usiku kucha kama mtu mzima; ratiba ikisogezwa mbele mama aruhusiwe kunyonyesha tena.

Kwa nauli, mpeleke mama kwa afisa ustawi wa jamii kabla hajaondoka wilayani, si baada ya kufika. Matibabu ya chini ya miaka mitano kwenye vituo vya serikali yana msamaha, ila safari, chakula na malazi haviingii humo.

Na mama atauliza alikosea nini. Mjibu waziwazi kwamba hakula kitu, hakurogwa, na hakurithisha. Ni badiliko la jeni liitwalo GNAQ lililotokea kwenye seli chache mtoto akiwa anaumbika tumboni. Liligunduliwa mwaka 2013. Mimba ijayo haina sababu ya kuogopwa kwa ajili ya hili.

tabibu_uvinza

Maweni wamepokea simu, anaondoka kesho na treni ya asubuhi. Barua nimeandika hivi, mnisahihishe: "Siku 9, kilo 3.4. Baka la mishipa kulia, paji na kope zote mbili. Konea kulia 11.5, kushoto 10, picha imeambatanishwa. Ukungu mwembamba kulia. Mwanga mwekundu umekolea kulia. Anaogopa mwanga. Hakuna usaha. Degedege hakuna. Hajapewa tone lolote isipokuwa tetracycline alipozaliwa."

bingwa_macho_kgm

Ongeza saa aliyonyonya mwisho kabla ya kupimwa, joto la mwili, na kama weupe wa jicho una madoa au hauna. Na namba ya simu ya baba, si ya mama peke yake.